Hofu ya Ahazi na Imani ya Yosefu

Tukizisoma vema Injili za Kuzaliwa kwa Bwana, twaona ya kuwa habari njema ya Noeli iliwafikia watu wenye hofu. Zakaria aliogopa hekaluni. Bikira Maria alifadhaika kule Nazareti. Wachungaji wa Betlehemu waliingiwa na hofu kuu. Wote waliambiwa na malaika wasiogope. Basi kuogopa peke yake si dhambi. Swali ni hili: tukiisha kuogopa, twamkimbilia nani?

Katika Dominika ya Nne ya Majilio, Mwaka A, Kanisa hutusomea habari za watu wawili waliojibu swali hilo, kila mmoja kwa namna yake. Wote wawili ni wa ukoo wa Daudi.

Wa kwanza ni Ahazi, mfalme wa Yuda. Yapata mwaka 734 kabla ya Kristo, wafalme wa Damasko na Israeli walipatana kumpiga vita, na moyo wake ukayumba. Nabii Isaya akamwendea, akamsihi atulie na kumtumaini Mungu, tena aombe ishara yo yote aitakayo. Ahazi akakataa, akisema hataki kumjaribu Bwana. Maneno hayo yalikuwa ya ibada, lakini moyoni alikuwa amekwisha kuchagua. Alitwaa fedha na dhahabu ya Hekalu, akampelekea mfalme wa Ashuru, akijiita mtumishi wake na mwana wake.

Je, hakusaidiwa? Alisaidiwa. Damasko ilianguka mwaka 732. Lakini tangu hapo Yuda ilikuwa chini ya Ashuru, ikilipa kodi, na katika Hekalu ikajengwa madhabahu iliyoigwa kwa wapagani. Msaada ulionunuliwa kwa hofu uligeuka kuwa bwana.

Hata hivyo Mungu alitoa ishara aliyoikataa Ahazi: Bikira atamzaa Emanueli, yaani Mungu pamoja nasi.

Zaidi ya miaka mia saba ikapita, na ahadi hiyo ikamfikia Yosefu, seremala wa Nazareti, mjukuu wa mbali wa Ahazi yule yule. Naye alikuwa na hofu. Mchumba wake ana mimba, naye hajui la kufanya ila kumwacha kwa siri. Malaika akamwambia katika ndoto asiogope kumchukua Maria. Yosefu hakuomba ishara nyingine, wala hakuuliza watu watasema nini. Aliamka, akatenda. Injili hazikuandika hata neno moja la kinywa chake.

Tena imani yake haikuwa uzembe. Herode alipotaka kumwua Mtoto, Yosefu aliondoka usiku ule ule kwenda Misri. Lakini Herode, aliyekuwa na jeshi na ngome, alitawaliwa na hofu hata akamwaga damu ya watoto wasio na hatia.

Sasa tujitazame, sisi mapadre pamoja nanyi. Mtoto anaugua, homa haishuki. Jumapili tumo kanisani, na usiku tunabisha mlangoni kwa mpiga ramli, tukisema kwamba Mungu naye hutumia watu. Hayo ni maneno ya Ahazi. Hatusemi juu ya dawa, iwe ya hospitali au ya mitishamba, kwa maana dawa ni kipaji cha Mungu, na kumpeleka mgonjwa hospitalini mapema ni busara ya Yosefu. Twasema juu ya hirizi, kafara na ramli.

Na bei yake ni nini? Kuku na fedha ni sehemu ndogo tu. Mpiga ramli hutaja mtu: jirani, shangazi, au bibi kizee ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Toka siku hiyo nyumba haina amani. Katika nchi yetu wako wazee, hasa akina mama, waliouawa kwa sababu ya tuhuma za namna hiyo. Hofu ya Herode haikuishia Betlehemu.

Basi, enyi wazazi, hofu itakapobisha nyumbani mwenu, isiwakute peke yenu. Piganeni nayo mkiwa pamoja: mpelekeni mgonjwa kwa daktari, mwiteni padre au katekista, salini Rozari na watoto wenu. Na jirani akitajwa kuwa mchawi, kateni maneno hayo hapo hapo, mwende mkamjulie hali.

Mathayo hakulifuta jina la Ahazi katika ukoo wa Yesu. Mwokozi alikubali kuzaliwa katika jamaa ya waoga, ili waoga nao waokoke. Aliyekwisha kwenda kwa Ashuru anaweza kurudi, na kitubio kimo wazi.

Twawatakieni nyote Noeli ya amani.