SOMO LETU: MWALIMU ANAYESIKIA SAUTI YA MTOTO

Masomo: Mwanzo 21:14-20, Marko 10:13-16, Waefeso 6:4



Kati yetu hapa Kisugu wako walimu wengi waliofundisha Goma, Bukavu na Uvira. Wengine leo wanashika watoto wa nasari, wengine wameacha chaki na kutembeza vitenge. Na wazazi wanatuuliza: mwalimu asiyechapa, huyo ni mwalimu kweli? Somo hili ni la wote wawili, mwalimu na mzazi.

1. MUNGU ALISIKIA MTOTO

Hajiri na Ishmaeli walikuwa watu waliofukuzwa, wako jangwani, maji yamekwisha. Andiko linasema Hajiri ndiye aliyepaza sauti na kulia. Lakini malaika anapokuja, anasema Mungu amesikia sauti ya kijana. Tena hakuanza kwa kumkemea mama. Alimwuliza ana shida gani. Kisha Mungu akamfumbua macho, akaona kisima. Angalieni utaratibu: kusikia, kuuliza, ndipo kusaidia. Huu ndio utaratibu wa mwalimu mwema. Watoto wetu wengi wamebeba mambo wasiyoweza kuyasema.

2. NA FIMBO JE?

Wengine watatuonyesha Mithali 13:24. Ni kweli, Neno linataka mtoto arudiwe, asiachwe ovyo. Lakini fimbo ya Zaburi 23 inafariji. Wafugaji walio kati yetu wanajua: fimbo ya mchungaji huongoza kundi na kufukuza fisi. Naye Paulo anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto, bali wawalee kwa mafundisho ya Bwana.

Pia tuko katika nchi yenye sheria. Mwaka 2016 Sheria ya Watoto ya Uganda ilirekebishwa, ikakataza kuchapa watoto shuleni. Mwalimu mkimbizi anayechapa anahatarisha mtoto, shule na kazi yake (Warumi 13:1).

Je, bila kiboko watoto hawataharibika? Shirika la Raising Voices la hapa Kampala lilitengeneza mafunzo ya Shule Njema, yakapimwa katika shule 42 za msingi wilayani Luweero. Matokeo yalitolewa mwaka 2015. Katika shule zisizopata mafunzo, watoto 49 kati ya 100 walisema wafanyakazi wa shule waliwapiga au kuwaumiza katika wiki iliyopita. Katika zile zilizopata, walikuwa 31. Na alama za masomo? Hazikuonyesha tofauti. Basi kiboko kilipopungua, masomo hayakuanguka. Hata hivyo 31 bado ni wengi; kazi haijaisha.

3. MANENO MANNE YA MWALIMU

Mmarekani Marshall Rosenberg (1934-2015) alifundisha njia ya kusema bila kuumiza. Aliiita lugha ya twiga, kwa kuwa twiga ana moyo mkubwa. Ina hatua nne. Tuseme mtoto amesinzia darasani. Badala ya kumwita mvivu mbele ya wenzake:

(a) Sema ulichoona: "Leo umesinzia mara mbili."
(b) Sema unavyojisikia: "Nina wasiwasi juu yako."
(c) Sema kinachohitajika: "Napenda ulielewe somo hili, nawe naona unahitaji kupumzika."
(d) Omba jambo moja: "Waweza kuniambia jana ulilala saa ngapi?"

Labda utasikia kwamba wanalala wanane chumba kimoja, au kwamba amekuja bila chai. Hapo umepata kisima. Mtoto bado atamaliza zoezi lake, lakini atalimaliza akiwa na mwalimu upande wake.

4. MTOTO AFANYE KWA MIKONO

Daktari Maria Montessori wa Italia alifungua nyumba yake ya watoto mwaka 1907 katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, Roma. Aliona kwamba mtoto hujifunza akishika, akichagua kazi na kuimaliza mwenyewe. Naye alijua kuishi ugenini: mwaka 1939 alikwenda India, vita vikamzuia huko hadi 1946, lakini aliendelea kufundisha walimu. Sisi nasi tuanze na tulivyo navyo. Vizibo vya soda na maharagwe vinatosha kufundisha hesabu.

5. MWALIMU, USIIZIKE KAZI YAKO

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inazungumzia kutambuliwa kwa vyeti vya nje. Cheti cha sekondari, ikiwemo diploma ya serikali ya Kongo, hulinganishwa na UNEB; cha chuo kikuu hupelekwa NCHE. Wakati unangoja, jifunze Kiingereza, tafuta mafunzo ya kulea watoto bila kiboko, na usikose kushika darasa hata la shule ya Jumapili. Mwalimu huonekana kwa watoto wake.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

- Wiki hii tumemwita mtoto wetu jina gani baya? Tungesemaje kwa hatua zile nne?
- Mara ya mwisho tulimwuliza mwalimu wake habari zake lini?
- Ni mwalimu gani jirani yetu aliyeacha kazi, nasi tunaweza kumtia moyo vipi?

Tuombe: Bwana, wewe uliyemsikia mtoto jangwani, wape walimu na wazazi wetu masikio kama yako. Amina.