SHERIA NA BAHARI INAYOPANDA: SOMO KWA WATUMISHI NA WAKAAZI WA MWAMBAO

Bahari inayovizunguka visiwa vya Unguja na Pemba ina desturi yake. Wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka kwa takriban mita 4, na wakati wa maji mafu hutulia. Wazee wa mwambao waliijua desturi hiyo, wakajenga, wakalima na wakachimba visima vyao kwa kuizingatia. Katika miaka ya karibuni desturi hiyo imeanza kuvunjika. Yapo mabonde ya mpunga kisiwani Pemba ambayo yameingiwa na maji ya chumvi hata wenyewe wakayaacha. Vipo visima vilivyokuwa vya maji baridi ambavyo leo havinyweki. Na akina mama wanaolima mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja wameshuhudia tangu miaka ya mwanzo ya 2000 jinsi kotonii, ambayo ndiyo aina yenye bei nzuri zaidi, inavyooza kambani pale maji ya kina kifupi yanapopata joto.

Mambo hayo hayakuanzia visiwani wala hayataishia visiwani. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi lilieleza katika ripoti yake ya 2021 kwamba usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20 baina ya 1901 na 2018, na kwamba kasi ya kupanda huko inaongezeka. Mchango wa visiwa hivi katika moshi uliosababisha hali hiyo ni mdogo mno, lakini kamba hukatikia pabovu, na mwananchi wa pwani ndiye aliye pale pabovu.

Kuhimili ni nini

Wataalamu hutenganisha mambo mawili. La kwanza ni kupunguza, yaani kupunguza moshi na gesi zinazoongeza joto la dunia. La pili ni kuhimili, yaani kuyapanga maisha, makaazi na kazi ili madhara yasiyoepukika yasimwangushe mtu. Somo hili linahusu hilo la pili.

Sheria haina uwezo wa kuliamuru wimbi lirudi nyuma. Kazi yake ni kujibu maswali matatu ambayo wimbi huyaleta: nani ana haki ya kuitumia pwani, nani ana mamlaka ya kuzuia uharibifu, na nani atabeba gharama. Pasipo na majibu, kila mtu hujitafutia salama yake. Mwenye nyumba hujaza mawe mbele ya ukuta wake, na nguvu ya wimbi huhamia kwa jirani asiyekuwa na uwezo wa kununua mawe.

Sheria zilizopo

Mazingira si jambo la Muungano. Kwa hivyo Zanzibar ina sera na sheria zake yenyewe. Sera ya mwanzo ya mazingira ilitolewa 1992, ikafuatiwa na Sheria Namba 2 ya 1996. Sheria hiyo ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 3 ya 2015, ambayo ndiyo iliyoanzisha Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar. Aidha, Mkakati wa Mabadiliko ya Tabianchi wa Zanzibar ulitolewa 2014.

Sheria ya mazingira inataka mradi wenye uwezekano wa kuleta madhara makubwa, kama vile hoteli ya ufukweni, ufanyiwe tathmini ya athari za kimazingira kabla ya kuanza. Sambamba na hilo yapo masharti ya kuacha mita 30 kutoka mahali maji makuu yanapofikia. Baadhi ya watu huyaona masharti haya kuwa ni usumbufu, na hali yana hikma yake. Mchanga wa fukwe za Unguja husafiri: hupungua upande mmoja wakati wa kusi, na hurejea wakati wa kaskazi, au kinyume chake. Jengo likiwekwa katikati ya njia hiyo, mchanga hukosa pa kurejea, na pwani huliwa mwaka hadi mwaka.

Sheria ya Misitu, Namba 10 ya 1996, ina umuhimu wa pekee kwa wanavijiji. Sheria hiyo inawawezesha wakaazi kuingia katika makubaliano na Serikali ili wausimamie wenyewe msitu ulio karibu nao, ukiwemo msitu wa mikoko. Makubaliano hayo huambatana na mpango wa usimamizi na sheria ndogo. Mlilana husimama mbele kabisa kuelekea bahari kuu. Nyuma yake hufuata mkoko wenye mizizi ya magongo, kisha muia, mkandaa na mchu. Safu hizo hulivunja wimbi nguvu, hushika tope, na huwa mazalio ya samaki na kamba. Anayekata boriti pale hukata ukuta ambao Serikali haikuujenga na wala haina fedha za kutosha kuujenga upya.

Kwa upande wa bahari, Sheria ya Uvuvi, Namba 7 ya 2010, na maeneo ya hifadhi kama vile Ghuba ya Menai, lililotangazwa 1997, yametoa nafasi kwa kamati za wavuvi za shehia kushiriki katika ulinzi wa miamba na malisho ya samaki.

Mfano wa Kisiwa Panza

Kisiwa Panza, kilichoko kusini mwa Pemba katika Wilaya ya Mkoani, kinafundisha jinsi mambo haya yanavyoungana. Maji ya chumvi yaliingia katika mashamba ya kisiwa hicho. Katika muongo wa 2010 ukuta wa kuzuia bahari ulijengwa kwa msaada wa mradi wa kimataifa, na wananchi wakapanda mikoko. Huo ulikuwa ni ulinzi wa ardhi.

Lakini kisiwa hakiishi kwa ardhi peke yake. Mnamo 2016 wakaazi walikubaliana kulifunga eneo la mwamba lenye pweza kwa muda wa takriban miezi mitatu. Pweza hukua kwa haraka. Akiachwa miezi michache tu uzito wake huongezeka sana. Mvuvi anayevuna pweza mkubwa siku ya kufungua ana akiba ya kumsitiri mwaka ambao mpunga umeharibika. Kufunga mwamba ni jambo jepesi kulitamka, ila ni zito kulitekeleza, kwa kuwa mwenye njaa leo huombwa asubiri.

Subira ya namna hiyo haiwezekani bila ya sheria. Kijiji kikifunga mwamba wake, na wavuvi wa mbali wakaja kuweka dago na kuvua usiku kwa hoja kwamba bahari ni ya wote, kijiji kitakuwa kimejifungia njaa na kuwafungulia wengine shibe. Mara ya pili hakuna atakayekubali kusubiri. Ukuta wa mawe huzuia maji. Makubaliano yenye nguvu ya sheria huzuia mkono wa mtu. Vyote viwili vinahitajika, na hicho cha pili hakinunuliwi kwa saruji.

Mahali sheria inapokwama

Ichukuliwe mathalan kamati ya shehia imekamata mtumbwi uliopakia boriti za mikoko. Mtuhumiwa anauliza: kwa sheria gani? Kamati inaonesha sheria ndogo iliyojadiliwa mkutanoni na kuandikwa kwa hati nzuri. Anauliza tena: imeidhinishwa na nani? Rasimu ilipelekwa afisini miaka miwili iliyopita na haijarudi. Boriti zinarudishwa kwa mkataji, na wanakamati wanarudi majumbani wakiwa wameaibika mbele ya majirani zao. Baada ya siku hiyo hakuna atakayejitolea kulinda.

Hapo ndipo ulipo wajibu wa mtumishi wa umma. Faili la sheria ndogo lililolala mezani ni tundu katika ukuta wa bahari. Mtumishi anayelipokea inampasa alisome, aseme kasoro zake kwa maandishi, na alirejeshe kwa wakati. Mamlaka aliyopewa ni amana, na ucheleweshaji wake una mtu anayeulipia kwa bonde lake la mpunga.

Haki nje ya mipaka

Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi wa 1992, na iliridhia Makubaliano ya Paris 2018. Mwaka 2022, katika mkutano wa Sharm el-Sheikh nchini Misri, mataifa yalikubaliana kuanzisha mfuko wa hasara na uharibifu kwa ajili ya nchi zilizo hatarini zaidi. Mwezi wa Mei 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, kwa ombi la tume ya mataifa madogo ya visiwa, ilitoa maoni kwamba gesi hizo zinazotokana na shughuli za binadamu ni uchafuzi wa bahari. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki nayo ilieleza kuwa dola zina wajibu kisheria wa kuilinda tabianchi.

Habari hizo zaweza kuonekana za mbali kwa mkaazi wa kijijini, lakini anayedai huulizwa ushahidi. Sheha anayeandika katika daftari tarehe maji yalipoingia bondeni, idadi ya mashamba yaliyoharibika na visima vilivyogeuka chumvi, anaiwekea nchi hoja ambayo hakuna mtaalamu kutoka nje atakayeweza kuitunga baadaye.

Maswali ya kuzingatia katika mikutano ya shehia

1. Je, msitu wa mikoko wa shehia una makubaliano ya usimamizi yaliyoidhinishwa, au ni mazoea tu?

2. Iwapo mgeni atavua katika mwamba uliofungwa, kamati itatumia sheria gani, na kesi itapelekwa wapi?

3. Wakulima wa mwani, ambao wengi wao ni wanawake, wana nafasi gani katika kamati zinazoamua matumizi ya pwani?

4. Ni nani anayeandika tarehe na kiwango cha maji ya bahari yanapoingia mashambani, na daftari hilo linahifadhiwa wapi?

Shehia itakayoyajibu maswali hayo manne kwa maandishi itakuwa imeanza kuhimili. Ile itakayoshindwa kulijibu mojawapo imekwishajua pa kuanzia, na bamvua lijalo halitaisubiri.