Kufuga Bata Katika Nchi ya Joto

Katika Pwani ya Kenya, bata aweza kuangua vifaranga kumi, na baada ya majuma mawili wakabaki watatu tu. Hapo mwenye kufuga husema kwamba bata hawafai ila kwa mtu aliye karibu na ziwa au mto. Maneno hayo si ya kweli. Bata aweza kuishi vizuri uani bila ya ziwa. Yanayomwangamiza ni mambo matatu: jua kali, maji yasiyo na kina, na chakula chenye kuvu.

Jambo la kwanza ni kivuli. Bata hatoi jasho. Apatapo joto hufungua mdomo na kuhema upesi, na hiyo ndiyo dalili ya kumwonya mwenyewe. Yafaa bata wakae chini ya mwembe au mkorosho, au katika kibanda cha makuti kinachopitisha upepo. Banda la mabati lililofungwa pande zote laweza kuwaua kwa mchana mmoja katika miezi ya kaskazi.

Jambo la pili ni maji. Karai au debe lililokatwa latosha, mradi bata aweze kuzamisha mdomo wote pamoja na matundu ya pua, maana ndivyo asafishavyo pua na macho yake. Chombo kiwekwe kivulini, na maji yabadilishwe asubuhi na alasiri. Vifaranga wapewe chombo kipana chenye maji machache na mawe ndani yake, wasije wakazama. Maji machafu yamwagwe penye migomba, kwani ni mbolea njema.

Jambo la tatu ndilo lisahauliwalo mno. Watu huona mahindi au karanga zimeota kuvu, wakajua kwamba hazifai kuliwa na watu, kisha wakawatupia bata. Kumbe kuvu hiyo yaweza kuwa na sumu iharibuyo ini, na kifaranga wa bata hudhurika nayo upesi kuliko kifaranga wa kuku. Mwaka 1960, huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na vifaranga wa bata pia, kwa kula mashudu ya karanga yenye sumu hiyo. Kuianika nafaka tena au kuipika hakuondoi sumu. Nafaka ya namna hiyo ifukiwe shimoni. Hata pumba iliyotiwa maji isilazwe. Ibakiayo jioni itupwe mbali.

Bata wa kawaida hulalia mayai siku 28, na yule mwenye uso mwekundu siku 35. Kazi ya mwezi mzima na zaidi haifai ipotezwe kwa kikapu kimoja cha mahindi mabovu.