Motokaa ya Zamani Ikikataa Gia: Tambua Kosa Kabla ya Kufungua Chuma

Wasomaji wetu wa Njisi na wa pwani yote ya kaskazini ya Ziwa Nyasa wanazijua sana Land Rover za zamani. Motokaa hizi zilianza kuundwa Solihull, Uingereza, mwaka 1948, na zile ziitwazo Series III zilikoma kuundwa mwaka 1985. Hata hivyo nyingine zingali kazini, zikichukua mpunga, kokoa na wagonjwa. Motokaa iliyopita miaka 40 ni kama mzee: haifai kutendewa kwa pupa, bali yafaa isikilizwe kwanza. Leo twapenda kueleza habari za klachi na giaboksi, maana hapo ndipo watu wengi wapotezapo fedha bila sababu.

Twaanza na jambo tulilolishuhudia wenyewe. Masika moja, motokaa ya jirani yetu ilikataa kuingia gia alfajiri, nayo ilikuwa ikingojwa kumchukua mama mjamzito kwenda hospitali. Ikawa mama yule kupakiwa juu ya baiskeli, watu wakimshika huku na huku katika tope, hata barabara kuu. Akafika salama kwa rehema ya Mungu. Baadaye motokaa ilikokotwa kwa fundi mmoja. Fundi yule hakuuliza neno, wala hakujaribu lo lote. Alishusha giaboksi, akatia sahani mpya ya klachi, akapokea fedha zake. Siku ya tatu gia zikakataa tena. Mwisho ikaonekana kwamba kosa lote lilikuwa katika mpira mdogo wa silinda, ambao hubadilishwa pasipo kushusha giaboksi kabisa. Sahani iliyotupwa ilikuwa nzima. Na fedha zile jirani yetu alizipata kwa kuuza mpunga aliouwekea karo ya watoto.

Basi shauri letu ni hili: asikubali mtu kufunguliwa giaboksi yake kabla hajafanya majaribio machache ambayo hayana gharama.

KLACHI NI NINI

Injini huzunguka daima, lakini magurudumu mara husimama, mara huenda. Lazima kiwepo kitu cha kuziunganisha na kuzitenganisha nguvu hizo, nacho ndicho klachi. Weka viganja vyako pamoja, ukitie kipande cha ngozi katikati. Ukibana, ngozi hushikwa, nayo huenda pamoja na mikono. Ukilegeza, ngozi huwa huru. Kiganja kimoja ni gurudumu zito la injini liitwalo flaiwili. Cha pili ni chuma chenye springi kiitwacho presha pleti. Ngozi ni sahani ya klachi, nayo imeshikamana na giaboksi. Dereva akikanyaga pedali, beringi ndogo husukuma springi, sahani ikaachiwa, ndipo gia zibadilishwapo.

Katika Series I, iliyoundwa tangu 1948 hata 1958, pedali husukuma klachi kwa fimbo za chuma. Tangu Series II, ya mwaka 1958, nguvu ya mguu hupitishwa kwa mafuta ya breki, kutoka silinda ya juu karibu na pedali hata silinda ya chini kando ya giaboksi. Kwa hiyo mtu ajue kwanza motokaa yake ni ya namna gani.

KOSA LA KWANZA: KLACHI HAIACHII

Dalili yake ni gia kukataa kuingia wakati injini inazunguka, au kuingia kwa kusaga meno. Jaribio ni hili. Simama mahali tambarare, vuta breki ya mkono, washa injini, kanyaga pedali mpaka chini, hesabu polepole hata kumi, kisha tia gia ya nyuma. Ikiingia kimya, klachi yaachia vema. Ikisaga, bado sahani yaburutwa na injini.

Sasa kanyaga na kuachia pedali upesi mara tatu au nne, ujaribu tena. Gia ikiingia vizuri baada ya hapo, kosa aghalabu si la sahani. Ni mafuta yaliyopungua, au hewa iliyoingia katika mfereji wake, au mpira wa silinda uliolika. Tazama chombo cha mafuta juu. Pitisha kidole chini ya pedali, kisha chungulia silinda ya chini na kuinua kifuniko chake cha mpira: penye maji maji ya mafuta ndipo penye kosa. Hivi ndivyo ilivyokuwa motokaa ya jirani yetu, na jaribio hili lingalimwokolea mpunga wake.

Liko jambo jingine la nchi yetu yenye mvua nyingi. Motokaa iliyosimama masika nzima pasipo kuendeshwa huweza kupatwa na kutu, sahani ikagandamana na flaiwili. Hapo pedali ni nzuri na mafuta yametimia, lakini gia haziingii kabisa ila injini ikizimwa. Hii nayo pengine haihitaji sahani mpya. Pasha injini moto, kisha uizime. Peleka motokaa uwanjani pasipo watu wala mifugo mbele yake. Tia gia, washa injini, uende huku umekanyaga pedali, ukiongeza na kupunguza moto mpaka sahani ibanduke. Afanye hivi dereva hodari tu, na mguu wake uwe karibu na breki. Kinga yake ni nyepesi zaidi: iendeshwe motokaa kidogo kila juma.

KOSA LA PILI: KLACHI INATELEZA

Hili ni kinyume cha la kwanza: sahani haishikwi sawasawa. Mtu akaaye bondeni huweza asilitambue, kwa kuwa njia ya Kyela ni tambarare. Lakini akianza kupanda kwenda Tukuyu, ambako nchi huinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya ziwa, injini hupiga kelele nyingi na mwendo hauongezeki, tena hutokea harufu ya kuungua.

Jaribio lake: zuia magurudumu kwa mawe, vuta breki ya mkono kwa nguvu, washa injini, tia gia ya tatu, kisha uachie pedali taratibu ukiongeza moto kidogo. Injini ikizimika mara moja, klachi yashika. Ikiendelea kuzunguka, inateleza. Usirudie jaribio hili mara nyingi, maana kila mara huichoma sahani.

Kabla ya kuihukumu sahani, angalia pedali. Lazima iwe na mwanya mdogo mwanzoni, mguu usipate uzito. Ukikosekana mwanya huo, klachi husukumwa daima kidogo, ikateleza ingawa sahani ni nzima. Vivyo hivyo dereva mwenye desturi ya kuegemeza mguu juu ya pedali safarini huila klachi yake mwenyewe. Mwanya ukiwa upo na klachi ingali ikiteleza, hapo sahani imekwisha au imelowa mafuta, na kushusha giaboksi ni haki.

KIZIBO CHA KUVUKIA MAJI

Chini ya nyumba ya klachi ya Land Rover mna tundu dogo, na kizibo chake cha skurubu. Kizibo hutiwa mtu anapotaka kuvuka maji mengi, ili yasiingie katika klachi. Akiisha vuka, hukitoa. Watu wengi hukitia wakati wa mafuriko wakakisahau. Mafuta yavujayo kidogo kidogo hukosa pa kutokea, yakakusanyika, yakailowesha sahani.

Tundu hilo ni shahidi mwema. Toa kizibo, ukinge kikopo. Yakitoka mafuta meusi mepesi, yametoka katika injini. Yakitoka mazito yenye harufu kali kama ya kiberiti, yametoka katika giaboksi. Mwambie fundi uliyoyaona, maana akitia sahani mpya pasipo kuziba mahali pavujapo, nayo italowa vile vile.

KOSA LA TATU: KELELE, NA GIA ZINAZORUKA

Simamisha motokaa, gia zikiwa huru na injini ikinguruma polepole. Sikiliza kwanza mguu ukiwa mbali na pedali, kisha ukikanyaga. Kelele ikiwapo, ikatoweka ukikanyaga, ni ya beringi za giaboksi. Kelele isipokuwapo, ikazuka ukikanyaga, ni ya beringi ndogo ya klachi. Kelele isiyobadilika huenda ikawa ya injini yenyewe.

Kisha sikiliza safarini. Kelele ikiwapo katika gia moja tu, meno ya gia hiyo ndiyo yaliyolika. Ikiwapo katika gia za chini na kupungua sana katika ya nne, tazama shafti ya chini ndani ya giaboksi, maana katika gia ya nne nguvu hupita moja kwa moja pasipo kuitegemea. Gia ikiruka yenyewe wakati wa kuteremka, huenda springi ya kuishikilia imechoka, au meno yamelika. Lakini kagua kwanza kama skurubu za kufungia giaboksi hazikulegea.

Tena tusiilaumu motokaa kwa kosa la dereva. Katika Series I, II na IIA, gia ya kwanza na ya pili hazina kifaa cha kulinganisha mwendo. Kifaa hicho kimo katika ya tatu na ya nne tu. Series III, tangu 1971, inacho katika gia zote nne za mbele. Kwa hiyo atumiaye motokaa za kwanza, akirudi gia ya pili, akanyage klachi, atoe gia, aachie, aongeze moto kidogo, akanyage tena, ndipo atie. Akisikia kusaga kwa sababu hakufanya hivyo, giaboksi haina kosa.

MASWALI YA WANAFUNZI

1. Gia haiingii, lakini ukikanyaga pedali mara nne inaingia. Je, utashusha giaboksi? Eleza sababu.
2. Kelele inatoweka ukikanyaga klachi. Yatoka wapi?
3. Kwa nini kizibo kitolewe baada ya kuvuka maji?

Walimu waweza kuwafundisha vijana majaribio haya penye motokaa yo yote ya zamani. Na mwenye motokaa aandike katika karatasi aliyoyaona, aipeleke pamoja na motokaa. Fundi mwema atafurahi, kwa kuwa umempunguzia kazi. Naye asiyetaka kusoma karatasi hiyo, yafaa ufikiri mara mbili kabla ya kumpa funguo.