Pombe, Damu na Malezi: Kijitabu kwa Familia za Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Katika maboma mengi ya Nyeri, Karatina na Othaya, mvulana wa kwanza huitwa jina la guka mzaa baba, na wa pili jina la guka mzaa mama. Basi kijana akianza kunywa, watu husema, "Amemfuata mwenye jina lake." Wengine huhukumiwa hata kabla hawajaonja pombe: "Hao, ulevi uko kwa damu." Kijitabu hiki kinaeleza kinachorithiwa na kisichorithiwa.

Jeni hufanya nini?

Jeni ni maagizo ambayo mwili hujengwa na kuendeshwa kwayo. Mtoto hupata nusu kwa mama na nusu kwa baba. Kutoka kwa kila guka na kila cucu humfikia takriban robo, awe ameitwa jina la nani.

Hakuna jeni moja ya ulevi. Ziko nyingi, na kila moja huchangia kidogo. Baadhi huathiri kasi ambayo mwili huvunja pombe, nyingine jinsi ubongo unavyoipokea. Uchunguzi wa mapacha umeonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti za watu katika hatari ya uraibu hutokana na urithi. Tofauti iliyobaki hutokana na mazingira.

Mwaka 1973 watafiti nchini Denmark walichapisha uchunguzi wa wanaume waliolelewa na familia zisizo zao. Kati ya wale ambao mzazi wao wa kuzaa alikuwa mraibu, 18 kwa kila 100 walikuwa waraibu. Kwa wale ambao mzazi wao wa kuzaa hakuwa mraibu, walikuwa 5. Urithi basi una nguvu. Lakini wana 82 kwa kila 100 wa wazazi hao hawakufuata njia hiyo.

Kilichobadilika hapa kwetu

Zamani muratina ilikuwa ya wazee, ikinywewa kwenye ruracio na sherehe nyingine. Kijana hakuruhusiwa kuigusa. Leo pombe kali ya bei nafuu inapatikana sokoni na vijijini, na ya haramu huuzwa kwa siri. Jeni za ukoo hazigeuki kwa vizazi viwili. Kilichogeuka ni bei, ukaribu wa pombe, ukosefu wa kazi na umri wa kuanza.

Umri huo ni jambo zito. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1997 ulionyesha kuwa kati ya walioanza kunywa kabla ya miaka 15, takriban 40 kwa kila 100 walikuja kuwa watumwa wa pombe. Kwa walioanza wakiwa na miaka 20 au zaidi, walikuwa takriban 10. Sheria ya Kenya ya 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, na baa kuwa ndani ya mita 300 kutoka shule.

Familia ifanye nini?

- Waambieni watoto ukweli kuhusu uraibu katika ukoo, bila matusi wala aibu, ili wajue hatari yao.
- Msimsifu kijana anayekunywa sana bila kulewa. Hiyo ni dalili ya hatari, kwa kuwa mwili wake haumwonyi mapema.
- Msimtume mtoto kununua pombe wala msimwonjeshe.
- Kabla bonasi ya chai au malipo ya kahawa hayajafika, pangeni matumizi pamoja, ili pesa zisiishie kwa pombe.
- Aliyezoea kunywa kila siku asiachishwe ghafla nyumbani. Anaweza kutetemeka, kupata degedege, hata kufa. Mpelekeni hospitalini.
- Pigeni 1192, simu ya bure ya NACADA, kupata ushauri.

Mtoto anaweza kurithi mwili unaotekwa na pombe upesi. Glasi ya kwanza hairithiwi. Kuna mtu humpa. Mzazi, guka, mjomba, mwenye baa: usiwe wewe.