Mama, Usimeze Kidonge Kisicho na Jina

Kijitabu cha nyumbani kwa wanawake wenye baridi yabisi, Olkaria na Naivasha

UTAIJUAJE
Vidole vya mikono yote miwili vinavimba. Asubuhi vinakakamaa kwa saa nzima au zaidi, hata kushika sufuria au kutunga shanga kunakushinda. Huo si uzee. Baridi yabisi huwapata wanawake mara mbili au tatu zaidi ya wanaume. Ina matibabu, lakini ukichelewa viungo hupinda visirudi.

KIDONGE KISICHO NA JINA
Hiki ndicho kinachotusumbua kuliko yote. Kinauzwa dukani, sokoni, hata kwenye steji ya matatu: vidonge vidogo vyeupe vilivyokunjwa kwenye karatasi, bila jina, bila cheti. Unameza jioni, asubuhi vidole vinafunguka, unarudi kazini kwenye shamba la maua. Ndiyo maana unanunua tena.

Mara nyingi ni steroidi: prednisolone au dexamethasone. Hata unga wa miti shamba wa kutibu mifupa unaweza kuwa umechanganywa nayo.

Miezi ikipita, uso unakuwa duara na tumbo linatokeza, huku mikono na miguu ikikonda. Majirani wanasema umenawiri. Hukunawiri, mama. Mifupa inaisha ndani kwa ndani. Siku moja unateleza kidogo tu jikoni, nyonga inavunjika. Sukari na presha nazo hupanda.

Usimeze kidonge kisicho na jina.

Usipokee cha jirani, hata kama yeye kilimsaidia.

Usirudie kununua kwa cheti cha zamani bila kuonwa tena.

Kama umekimeza kwa zaidi ya wiki tatu, USIKIACHE GHAFLA. Unaweza kuzirai, hata kufa. Nenda kliniki upunguziwe polepole.

Wakati mwingine daktari mwenyewe huandika steroidi, kwa kipimo kidogo na kwa muda. Hiyo ina jina, na yupo anayekufuatilia. Tunachokataza ni kidonge kisicho na jina.

METHOTREXATE
Dawa hii ya baridi yabisi humezwa mara moja kwa WIKI, kamwe si kila siku. Na ukiwa na mimba au unaitafuta, mwambie daktari kwanza.

TUMBO
Usitegemee mizani peke yake. Katika ugonjwa huu misuli hupungua na mafuta ya tumbo huongezeka, kilo zikabaki zilezile. Tumia futi ya fundi cherehani: izungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi. Ikizidi sentimita 80, punguza sukari ya chai, mandazi na mafuta ya kukaangia. Tumbo kubwa halilindi mifupa, na linauweka moyo hatarini.

MIFUPA
Kunywa maziwa au mala kila siku. Kula omena, mayai, maharagwe, managu na terere. Tembea nusu saa kila siku; viungo vikiwaka, tembea kidogo, ila usilale kutwa. Mtungi wa lita 20 usiubebe mgongoni: gawa maji kwenye mitungi midogo. Acha sigara na ugoro. Hedhi ikikoma, mwambie daktari, kwa sababu mifupa huanza kupungua haraka zaidi.

MAJI YA KUNYWA
Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi, ile inayotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia. Ikizidi kwa miaka mingi, huumiza mifupa na viungo pia. Kuchemsha hakuiondoi. Tumia maji safi ya mvua au yaliyopitishwa kwenye kichujio cha mkaa wa mifupa.

MAJI MOTO
Kuoga maji moto ya Olkaria hulegeza viungo, hakutibu ugonjwa.

NENDA HOSPITALI LEO HII
Ukianguka usiweze kusimama. Mgongo ukishikwa ghafla baada ya kubeba mzigo. Ukipata choo cheusi. Kiungo kimoja kikivimba, kikiwa na joto, pamoja na homa. Ukitapika na kuishiwa nguvu baada ya kuacha vidonge.

Beba kila dawa unayomeza, hata ile ya kwenye karatasi. Hatutakugombeza. Tunataka kujua umemeza nini ili tukutibu.