Nyuki Seremala na Kipepeo wa Mchangani

Likizo iliyopita nilipokuwa nyumbani Kismayu, nilimkuta ami yangu ameshika chupa ya mafuta ya taa, anataka kuyamimina kwenye matundu ya boriti ya baraza. Mle ndani alikuwamo nyuki mkubwa mweusi, huyu tumwitaye nyuki seremala. Nikamkumbusha hadithi ya Ibn Abbas iliyomo katika Abu Daud: Mtume (s.a.w.) alikataza kuua sisimizi, nyuki, hudihudi na ndege aitwaye surad.

"Huyu naye ni nyuki, mwanangu? Asali yake iko wapi?"

Nilinyamaza, nami ndiye msomaji wa bayolojia. Kwa miaka nilikuwa nikisoma aya ya 68 na 69 za Suratun-Nahl na kuwaambia watu darasani kwamba kila nyuki hutoa asali. Aya hazisemi hivyo, nilijiongezea mwenyewe.

Nyuki seremala hana malkia wala mzinga. Jike hutoboa mti mkavu kwa taya zake, wala haulii. Huweka donge la chavua na nekta, hutaga yai moja juu yake, huziba chumba kwa ungaunga wa mbao, kisha huanza kingine. Watoto ni wachache, ndiyo maana humwoni makundi kwa makundi.

Nyuma ya nyumba umeota mmea wa majani mapana na utomvu mweupe, Calotropis procera. Hapo hutua kipepeo wa rangi ya chungwa, Danaus chrysippus. Yeye hajengi chochote: hutaga yai kwenye jani akaenda zake, lakini jani halikosei. Kiwavi hula majani yale yenye sumu, na sumu hubaki mwilini hata anapoota mbawa. Ndege akimwonja humtema. Jike la nyuki lina mwiba; kipepeo analindwa na chakula cha utotoni.

Kilichonishangaza ni maua ya mmea huo. Chavua yake imefungwa vifurushi, na nyuki seremala ni miongoni mwa wachache wenye nguvu za kuvibeba. Nyuki akiuawa, mbegu hupungua, na kiwavi naye atakula nini?

Ami alisikiliza, akasema boriti ndiyo inayobeba baraza lake. Ni kweli. Tukaegesha gogo kavu kivulini, tukakubaliana kungoja watoto watoke, ndipo tuzibe matundu na kupaka rangi, maana mbao iliyopakwa rangi nyuki huyu haipendi.

Mafuta ya taa yakarudi jikoni.